Hasi Moja

Kompyuta ya chama cha wafuga nyuki ililetwa Oli
juu ya bodaboda, imefungwa kitenge,
Ezaru ameikumbatia kama mgonjwa.
Chupa ya asali iliacha duara juu ya kasha lake
na sisimizi wa huko kwao wamekuja nayo mpaka Arua.

"Weka Linaksi," akasema Ezaru. "Virusi vimetuchosha."
"Ya zamani usiifute," akasema Hajati Mastula, mweka hazina,
aliyefika nyuma kwa miguu, anahema.
"Daftari la marehemu Ondoma limo humo,
kilo za kila mzinga, deni la kila mtu,
na programu yake haifunguki kwingine."

Nikaikata diski vipande viwili kama muhogo,
kikubwa cha marehemu, kidogo cha mgeni.
Kukata si kazi. Kazi ni mlango.

Maana mashine ikiamka haijijui.
Haijui ina diski, haijui ina jina,
haijui kwamba jana iliandika barua.
Kuna kitu kidogo kinakaa kizingitini,
kazi yake kuuliza tu: leo tunaingia chumba gani?
Wenyewe wanakiita Grabu. Mimi namwita bawabu.
Akipotea, nyumba imejaa vyombo
na hakuna wa kuingia.

Nilikuwa namsimika,
asilimia sitini na mbili, sitini na tatu,
umeme ukaenda.

Friji za soda zikanyamaza.
Kinyozi wa ng'ambo akabaki na nusu ya kichwa cha mtu.
Ikaendelea cherehani ya Adraa peke yake,
inakwenda kwa mguu, haimwombi mtu.

Saa moja kasorobo umeme ukarudi, nikawasha.
Skrini nyeusi, mstari mmoja:
hakuna sehemu kama hiyo.
Chini yake kishale kinapepesa, kinapepesa.
Hajati akavua miwani.
"Ondoma amekufa mara ya pili?"

Sikumjibu. Nikapapasa gizani kwa herufi.
Diski sifuri, sehemu ya kwanza: haimo.
Ya pili: haimo.
Ya tano —
mafaili yakajipanga mstari
kama watoto waliosikia kengele.
Nikamshika bawabu mkono: kwenu ni huku.
Nikamwandika upya mwanzoni kabisa mwa diski,
nikamtuma atafute majirani.
Akamwona mgeni.
Akamwona na marehemu.

Sasa menyu ikaja, mistari miwili, na chini yake tano.
Hajati akavaa miwani, akasogeza uso,
kidole kikatafuta mshale wa kushukia,
nne, tatu,
mbili, akajikuta kwa mgeni.
Nikaweka kumi. Akachelewa.
Nikaweka thelathini. Simu ikalia,
mtu wa Koboko anauliza bei ya nta,
naye Hajati si mtu wa kukata simu ya mteja.
"Haraka ya nini?" akaiuliza. Aliiuliza mashine.

Nikafungua faili la mipangilio.
Pale penye muda nikafuta thelathini,
nikaandika hasi moja,
ambayo kwa bawabu maana yake ni: ngoja.
Usihesabu. Ngoja mpaka mtu aje.

Tukawasha. Mistari miwili ikasimama.
Hajati akamaliza habari za nta,
akafuta miwani kwa ncha ya mtandio,
akanywa maji. Bado imesimama.
Kidole kikashuka mara moja, kikabonyeza,
na daftari likafunguka pale lilipoachwa:
*mzinga wa kumi na tatu, nyuki wamehama.*

Alikaa kimya na mstari huo. Ezaru pia.
Kisha akaandika chini yake, herufi moja moja,
jina langu, limekosewa,
fundi, elfu ishirini, anatudai.